Daraja la Ramatoa

Asubuhi ile Sahondra alikuwa amechutama ukingoni mwa mto, anasugua sufuria kwa mchanga na majivu, maana ukoko wa jana ulikuwa umegoma kutoka. Uzi ukampitia shavuni. Akaufuta kwa mgongo wa mkono, kama mtu anavyofukuza inzi, akaendelea kusugua. Uzi ukarudi palepale. Ndipo alipoinua macho na kuufuata. Ulianzia kwenye tawi la mpera lililokuwa kando yake, ukapita usawa wa uso wake, ukatoka juu ya maji, ukaenda, ukaenda, hadi ukungu ukaumeza. Akangoja. Jua lilipochungulia juu ya msitu na ukungu kuanza kunyanyuka, aliuona uzi wote: mmoja tu, mwembamba kuliko unywele, umenyooka kutoka kijiji cha Antsahalava hadi kwenye miti ya ng'ambo, na umande umeuvalisha shanga mwanzo hadi mwisho.

Kwenye ncha ya tawi alikaa buibui. Alikuwa na rangi ya gamba la mti, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, amejikunja kama kifundo cha tawi. Buibui wa aina hiyo hawapatikani popote duniani ila katika kisiwa chao, na watu wa Antsahalava waliwajua kama wanavyowajua majirani. Huwa wanauachia uzi kwenye upepo, upepo unaubeba, unaunasisha ng'ambo ya kijito, kisha wao wanautembea huku wakiuimarisha. Ila mto ule haukuwa kijito. Mtu akisimama ng'ambo ukimwita hasikii mpaka umwite tena.

"Umeamka mapema," Sahondra alimwambia, akabeba sufuria zake akaenda nyumbani.

Daraja la mto ule lilichukuliwa na kimbunga siku nyingi nyuma, wakati Fanja, binti yake Sahondra, bado anakwenda shule. Baada ya kimbunga malori yalileta vyuma vya daraja jipya. Vilikuwa vyuma virefu, vimepakwa rangi ya kijani ya chungwa bichi, vikapangwa ng'ambo mahali ambapo kila mtu wa Antsahalava aliviona akitoka nje kunawa uso. Watoto waligawana: kile changu, kile chako. Halafu ukafika msimu wa kuvuna mpunga, watu wote wakawa bondeni, na waliporudi vyuma havikuwepo. Mkuu wa wilaya, Bwana Rajaofera, alituma ujumbe kwamba vimepelekwa kuchunguzwa kama vinafaa. Watu wakashukuru kwa taarifa.

Tangu hapo kuvuka kukawa ni mtumbwi wa Botovelo. Botovelo alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuamshia kijiji. Ukoo wake na ukoo wa Sahondra ni watani tangu mababu, na kwa miaka mingi wawili hao walivuka mto wakitukanana mpaka abiria wengine wakashika mbavu. Kisha yakaja masika yaliyopita, na Noro.

Noro alikuwa mdogo wake Sahondra. Alishikwa na uchungu mto ukiwa umejaa magogo. Wanaume wakambeba juu ya mlango uliong'olewa wakamfikisha ukingoni. Zahanati ilionekana ng'ambo, na nesi Harisoa alikuwa amesimama mbele yake na koti jeupe, ameinua mwavuli juu ili wamwone kwamba yupo. Botovelo alikuwa ameshika kamba ya mtumbwi. Alitazama maji akasema, "Siendi. Tutazama wote." Alisema kweli. Hata Sahondra, aliyekuwa amekipakata kichwa cha mdogo wake, aliyaona maji na akajua kwamba mtu huyu anasema kweli. Noro akafia pale pamoja na mtoto, jua likiwa bado juu, macho yake kwenye lile koti jeupe.

Kwenye mazishi ni kazi ya watani kuwachekesha wafiwa. Botovelo alikuja, akasimama katikati ya uwanja, akafungua mdomo, akaufunga. Tangu siku ile, kila alipomvusha Sahondra, kilichosikika ni kafi tu likigusa maji. Na mtani akikunyamazia ujue nyumba imeingia nyufa.

Ule uzi wa mperani, kesho yake ulikuwa mnene kama mshipi wa kuvulia. Baada ya siku chache ukawa kama kamba ya kufungia mbuzi. Mama Zo, jirani yake Sahondra, ndiye wa kwanza kuutumia: alianika nguo.

"Zimekauka haraka," aliwaambia wenzake kisimani. "Kule juu ya maji kuna upepo mzuri."

"Uliomba ruhusa?" mmoja akamuuliza.

"Nikose kuomba? Nilimwomba. Nikamwambia, mama, naanika hapa, nikikuudhi sema. Hakusema."

Siku zilizofuata kuku wa Mama Zo alivuka kwa miguu yake akaenda kutagia ng'ambo. "Kahamia mjini," Mama Zo alisema. "Hata salamu haleti." Kamba ilizidi kunenepa. Ikawa kama mkono wa mtoto, kisha kama mkono wa mtu mzima, na buibui akabaki vilevile, ukucha wa kidole gumba, anakwenda na kurudi tangu alfajiri hadi machweo. Hakuna aliyeuliza uzi wote ule ulitoka wapi katika tumbo lile. Wanawake waliozaa hawakuliona hilo kuwa swali.

Hata hivyo walipokuwa wakipita pale ukingoni walipunguza sauti. Asubuhi, jua lilipoipiga kamba kwa ubavu, rangi ya asali ilitoka ndani yake ikatanda juu ya maji, na komba wakubwa wa msituni, wale babakoto ambao ni mwiko kuwaua, walishuka hadi matawi ya chini wakakaa wawiliwawili wakiitazama, wakisahau kuimba. Wanaume walivua kofia zao za ukindu bila kujua kwamba wamezivua. Wakaanza kumwita buibui Ramatoa, jina la kumwitia mwanamke wa heshima.

Kulikuwa na neno la mwiko. Je, inafaa mtu kukanyaga kazi ya mwenzake bila kukaribishwa? Walikutana penye mpera, wakaja na pombe ya miwa. Mkubwa wa ukoo akamwaga ya kwanza chini upande wa kaskazini mashariki, kwa mababu, na tone moja kwenye jani la mpera, kwa Ramatoa.

"Mwambieni tuna njia moja tu ya kuvuka," alisema Mama Zo, "nayo ni mtumbwi wa huyu bwana, unaovuja kama kikapu."

Watu wakamtazama Botovelo, maana ile ilikuwa riziki yake. Botovelo akakuna shingo. "Mimi mtumbwi nauchukia," alisema. "Kama mama huyu anataka kazi yangu, aichukue na makafi nampa."

Kesho yake asubuhi kamba za chini zilikuwa mbili, zimefumwa katikati kwa nyuzi za kukanyaga, na pande zote mbili, usawa wa kiuno, zilipita kamba za kushikia. Nyuzi za kukanyaga hazikunata. Zile zinazonata Ramatoa alizitumia kwa utando wake wa kulia chakula, aliouning'iniza chini ya njia, pembeni, asimsumbue mtu. Katikati ya mto daraja lilipanda kama nundu ya ng'ombe, badala ya kushuka kama kamba zinavyoshuka. Botovelo alilitembea hatua chache, akarudi, akatikisa kichwa juu na chini. Lakini watu wakaamua wasubiri. Kitu cha namna hiyo kina mwenyewe anayetakiwa kukitangulia, na hawakujua ni nani.

Mvua zikaanza. Mto ukapanda, ukawa mwekundu, ukaanza kushusha magogo. Mtumbwi wa Botovelo ukakatika kamba ukaenda zake, naye akauaga kwa mkono. Fanja alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshuka. Mumewe alikuwa mbali kaskazini, kwenye mashamba ya vanila. Sahondra alikuwa akiamka, analitazama tumbo la binti yake, kisha anatoka nje kuutazama mto, kisha anarudi. Wali ulimshinda kula, akawa anakunywa tu maji yaliyochemshwa na ukoko wake.

Uchungu ulianza baada ya chakula cha mchana, mvua ikiwa nyembamba. Mkunga wa kijiji alimpapasa Fanja, akanawa mikono taratibu.

"Mtoto amekaa kwa makalio," alisema. "Huyu si wangu. Ni wa Harisoa."

Sahondra akachukua shuka, akamfunga Fanja kuzunguka mgongo na chini ya tumbo, akamshika mkono. Walipofika ukingoni watu walikuwa wamekwisha jipanga huku na huku, wameacha njia. Ng'ambo, nesi Harisoa alikuwa ametoka nje na koti lake jeupe. Mto ulinguruma kiasi cha kufanya udongo utetemeke chini ya nyayo.

Fanja akaliangalia daraja. "Mama, mimi nitaanguka."

"Utaanguka wapi? Tangulia. Nikikuona unayumba nakushika."

"Na wewe ukiyumba?"

Ndipo Botovelo alipowapita wote wawili, akaingia darajani mbele yao, akageuka akawatazama, akawa anatembea kinyumenyume, mikono ameshika kamba mbili.

"Twende," alisema. Halafu akavuta pumzi. "Twende, enyi ukoo wa mabata! Mnatembea kama mmelewa hata penye barabara kavu, leo ndiyo mnataka kwenda angani?"

Sahondra alisimama kidogo. Kisha akamsukuma Fanja mbele. "Nyamaza, mtoto wa mwizi wa kuku! Babu yako aliposa kwa jogoo kilema!"

"Kilema lakini jogoo! Babu yako aliposa kwa ahadi, mpaka leo bibi yako anangoja kaburini! Wewe binti, macho kwangu. Usitazame chini, maji yakiiona sura ya mama yako yatarudi mlimani."

Fanja alicheka na kulia kwa pamoja. Walikuwa wamekwisha yaacha matawi ya mpera. Chini yao magogo yalipita yakigeuka kama ng'ombe wanaooga. Daraja halikuyumba. Lilitetemeka kidogo tu, mtetemo mwembamba uliopanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno, na Sahondra aliutambua: ulikuwa mtetemo ule anaousikia mtu akiweka kiganja juu ya tumbo la mwenye mimba. Nyuzi zilikuwa vuguvugu. Mvua iliyozigusa haikudondoka, iliganda juu yake tonetone, na kila tone lilikuwa na mto mzima ndani yake, na watu ukingoni, na watu watatu wadogo angani.

Karibu na nundu uchungu ukamshika Fanja. Akapiga magoti. Botovelo akanyamaza. Hapo Ramatoa alitokea kutoka chini ya njia, akapanda kwenye kamba ya kushikia, akauweka mguu wake wa mbele juu ya kamba hiyo, kama daktari anavyoshika mshipa wa mgonjwa. Alitulia hivyo mpaka uchungu ukapita. Kisha akaanza kazi. Alizunguka mara kadhaa mbele ya Fanja na nyuma yake, na alipoondoka palikuwa na mkanda mpana wa nyuzi chini ya kwapa za Fanja, umefungwa kwenye kamba zote mbili, unateleza mbele pamoja naye. Fanja akainuka, mkanda ukainuka naye.

"Ahsante, Ramatoa," Fanja alisema.

"Ona," Botovelo alisema, sauti yake imekwaruza. "Hata buibui ameona kwamba ukoo huu haujui kusimama peke yake."

Walipofika juu kabisa ya nundu, Sahondra aliinua macho. Kutoka ukingoni mtu huona kilima cha ng'ambo na ukuta mrefu wa nyumba ya Bwana Rajaofera, wenye vipande vya chupa juu yake. Kutoka juu ya nundu mtu huona ndani. Aliiona nyumba ya ghorofa, veranda pana chini na nyingine juu, na chini ya ghorofa, bega kwa bega, viko vile vyuma vya daraja, rangi yake ya chungwa bichi haijachujuka hata kidogo. Kile alichokichagua Fanja utotoni, chenye pindo lililokunjika, kilikuwa kimebeba roshani ya chumba cha kulala.

"Umeona?" aliuliza Botovelo, ambaye alikuwa amegeuka.

"Nimeona."

"Tembea."

Wakatembea. Harisoa aliwapokea kwa mikono miwili. Mtoto alitoka kwa makalio kabla jua halijazama, wa kike, amekasirika, mzima. Sahondra aliposikia mlio wake alitoka nje akakaa kwenye ngazi ya zahanati. Botovelo alikuwa amekaa pale, amelowa.

"Nesi anasema mtoto ana miguu mifupi," Sahondra alimwambia. "Nikamwambia huyo ametazamwa sana na Botovelo."

Botovelo akainamisha kichwa kati ya magoti, na mabega yake yakatikisika muda mrefu, na Sahondra hakumwuliza kama ni kicheko au ni kitu kingine. Akaweka mkono wake mgongoni kwake, akauacha hapo.

Baada ya siku hiyo kila mtu alivuka. Walivuka na tangawizi, na mikungu ya ndizi, na wagonjwa, na nguruwe mmoja aliyepiga kelele mwanzo mpaka mwisho. Na kila mtu, akifika juu ya nundu, alitazama kushoto, akaona. Hakuna aliyepiga ukelele. Walikikunja kidole cha shahada, kama inavyompasa mtu anayeelekeza kaburi, wakawaonyesha watoto wao, wakaendelea na safari.

Fanja alipokwisha pata nguvu, Sahondra, Botovelo na Mama Zo walivaa nguo zao za kutokea wakaenda nyumbani kwa Bwana Rajaofera. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono laini. Aliwakalisha veranda akawaletea kahawa na vitumbua vya mchele. Vyuma vilikuwa juu ya vichwa vyao.

"Tumekuja kuhusu vyuma, Bwana Mkuu," alisema Sahondra.

"Vyuma gani, mama yangu?"

Sahondra alikunja kidole, akaelekeza juu. Bwana Rajaofera akatazama juu, akavitazama vizuri, kama mtu aliyeulizwa habari za wazee wake.

"Ah. Hivyo bado viko kwenye uchunguzi," alisema. "Mpaka sasa vinabeba vizuri."

"Mdogo wangu alifia ukingoni vikichunguzwa."

"Pole sana, mama. Nilisikia. Nilituma mchele."

"Ulituma," Sahondra alikubali. "Utamaliza lini kuvichunguza?"

"Chuma hakina haraka." Aliwaongezea kahawa yeye mwenyewe, kwa heshima, akianza na mkubwa wao. "Lakini hebu niambieni, jamani. Leo hii, mmefikaje huku?"

Wakatazamana. Hawakuwa watu wa kusema uongo. "Kwa daraja," alisema Mama Zo.

"Basi," alisema Bwana Rajaofera, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeletewa habari njema.

Wiki hiyohiyo alizindua daraja. Walikuja wageni kutoka makao makuu ya mkoa, walikuja wapiga tarumbeta, alichinjwa ng'ombe. Bwana Rajaofera alisimama ukingoni akaanza hotuba kama desturi inavyotaka, kwa kuomba radhi: kwamba yeye si mkubwa kwa umri wala kwa ukoo, kwamba ng'ombe mdogo hatangulii kunywa, kwamba maneno yake yakipotoka yasamehewe. Yaliposamehewa alisema kuwa serikali iliahidi kuziunganisha kingo mbili, na kingo mbili, kila mwenye macho anaona, zimeunganishwa. Aliuliza kama kuna mtu anayengoja kuvuka. Hakukuwa na mtu. Akakata utepe, akapanda hadi juu ya nundu ili apigwe picha. Pale juu aliitazama nyumba yake kwa muda.

"Ghorofa ya juu inataka rangi," alisema.

Ramatoa alikuwa kazini muda wote huo, anaziba mahali ambapo viatu vya wageni vilikwangua. Kibao cha shaba kilipigiliwa kwenye mpera. Jina lake halikuwemo, lakini majina ya watu wengi yalikuwemo.

Masika yalipokwisha Ramatoa alitaga. Alifuma kifuko cha rangi ya asali chini ya jani, akakilinda, na asubuhi moja wakamkuta amekauka pembeni yake, mwepesi kama ganda la mpunga. Watu wa Antsahalava wakaacha kazi za bondeni. Wakamviringisha katika kipande cha hariri, maana mtu haendi kwa mababu bila kusitiriwa, wakafungua kaburi la ukoo wa Sahondra, lile la chumba cha mawe, wakamlaza kwenye rafu ya wanawake. Botovelo alisimama katikati ya uwanja. Alimlaumu marehemu kwa kumnyang'anya kazi. Alimdai mtumbwi. Alisema mwanamke gani huyu mwenye miguu minane na hajawahi kwenda sokoni hata mara moja, na watu walicheka mpaka wakakaa chini, na machozi yakawatoka yale yaliyokuwa yamechelewa.

Watoto wa Ramatoa walianguliwa wengi, wadogo kama chembe za pilipili. Wachache walibaki mperani, wakagawana daraja kila mmoja na kipande chake, wakaendelea na ukarabati. Waliosalia walichukuliwa na maafisa kabla hawajatawanyika. Waliwaweka katika visanduku vya mbao vyenye matundu, wakavibandika majina ya mito, wakavisambaza mkoa mzima, kila mahali palipokuwa pameahidiwa daraja. Malori yaliyokuwa yabebe vyuma yalibeba visanduku. Kazi ikaisha kwa siku chache, na maafisa wakapongezwa.

Mwaka uliofuata Sahondra alikwenda kuuza tangawizi katika soko la bonde la mbali. Njiani aliufikia mto asioujua. Ukingoni palikuwa na nyumba chache, na kibanda kipya cha makuti, na kandokando ya maji wamekaa wanawake juu ya mikeka, wengine wanapepeta mchele, wengine wanasuka nywele. Mmoja alikuwa na mimba kubwa. Alimsogezea Sahondra mkeka kabla hata hajaombwa, kwa kuwa aliona ametembea.

"Mnangoja mtumbwi?" Sahondra aliuliza.

"Tunamngoja huyu," yule mwanamke alisema, akaelekeza kwa kidevu. Jina lake lilikuwa Vony. Kwenye tawi lililoinamia maji alikaa buibui, rangi ya gamba la mti, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. "Serikali imetuletea. Wamesema ni wa ukoo mzuri."

Sahondra akawaambia kwamba ametoka Antsahalava, kwenye daraja la Ramatoa, akachutama, akamtazama buibui kwa karibu. Buibui aliinua tumbo, akaachia uzi. Uzi ukatoka, ukaelea, ukang'aa mara moja juani. Ulifika katikati ya mto, ukalegea, ukalala juu ya maji, maji yakaondoka nao. Buibui akatulia. Akaachia mwingine.

"Hachoki," alisema Vony kwa sauti ya heshima. "Tangu alfajiri. Mimi nikimtazama nasahau hata mgongo."

"Unatarajia kujifungua lini?"

"Mvua zikianza." Alijishika tumbo. "Nyie wa kwenu alichukua muda gani?"

Mawingu ya kwanza yalikuwa yamekusanyika nyuma ya vilima, meupe bado. Aliteremsha kikapu chake, akachagua kipande kizuri cha tangawizi akampa, akakaa chini kando yake juu ya mkeka.

"Upepo ndio unapinga," alisema hatimaye. "Unatoka ng'ambo."

"Utageuka," alisema Vony.

Buibui akaachia uzi mwingine, na wanawake wote wakaacha walichokuwa wakikifanya, wakainua nyuso, wakautazama ukienda.